Niazime Pua

Wanaliita papai, nalo si papai.
Jina lilipotea njia, likaokotwa na mti mwingine.
Ndugu zake wa damu ni stafeli na topetope,
lakini huyu alibaki peke yake huku baridini,
akajifunza theluji ya Virginia Magharibi,
akakaa bondeni kando ya kijito
chini ya miti mirefu inayomnyima jua.

Septemba, wiki ya tatu. Ndoo moja, fimbo hakuna.
Corbin ana miaka tisa na buti za mjomba wake,
kila hatua zinasema pwa, pwa, kama chura mzee.
Mimi nina sabini na moja, na pua iliyokufa.
Homa ya Januari ilikuja, ikaondoka, ikaibeba.
Tangu hapo kahawa ni maji ya moto
na kuku wa Jumapili ni nyuzi.

"Niazime pua," namwambia.
Anaona ni mchezo. Anainua kidevu, anavuta hewa.
"Kule, bibi. Kule kunanuka kama basi la shule
siku ile mtu alisahau ndizi chini ya kiti."
Basi tunakwenda kule.

Marehemu Delmas alinifundisha: usichume.
Tunda hili halichumwi, linaombwa.
Shika shina kama unavyomshika bega
mtu aliyesinzia kanisani,
tikisa mara moja. Lililo tayari litashuka.
Lililogoma, liache ligome;
ukilichuma bichi litakaa dirishani juma zima
likikutazama, gumu kama deni,
halafu lioze bila kuiva.

Tikisa.
Tu. Tu-tu.
Moja limempata Corbin mgongoni,
anacheka mpaka ndege wanahama.
Tunaokota yenye madoa meusi, yenye michubuko,
laini kama shavu la mtoto aliyemaliza kulia.
Rakuni ameonja nusu ya moja, nusu katuachia;
si mchoyo.

Jikoni hakuna kulala. Tunda hili halijui kesho:
siku mbili, tatu, limekuwa jeusi, limekuwa pombe.
Napasua kwa kisu butu, kichwa hadi mkia,
nakomba nyama ya manjano kwa kijiko.
Ganda ni chungu, tupa.
Mbegu usitafune, zitakukoroga tumbo usiku kucha;
muulize shemeji yangu Harlan, aliyebisha.
Nasukuma rojo kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko,
mbegu zinabaki juu, kahawia, zinang'aa
kama vifungo vya koti la mtu wa mjini.
Corbin anazihesabu. Mia moja na nne.
Anazitia zote mfukoni.

Mayai matatu, maziwa, sukari kidogo.
Mdalasini hapana.
Mdalasini ni kelele, Delmas alikuwa akisema.
Na moto uwe mdogo,
maana moto mkali hulifukuza, harufu yake hupanda dohani
ukabaki na utamu usio na mwenyewe.

Hapo nikasita, mwiko mkononi.
Nitajuaje kwamba imeondoka?

Nikamwita. Akapanda stuli,
akainamia sufuria, macho kayafumba.
"Ipo," anasema. "Ipo.
Bado ipo.
Sasa inataka kuondoka, bibi."
Nikazima.

Tunakula kwenye bakuli za bluu.
Mimi napata ulaini tu, na uvuguvugu,
na chuma cha kijiko.
"Ina ladha gani?"
Anafikiri muda mrefu, kijiko kinywani.
"Ndizi. Halafu embe, lile la kopo.
Halafu kitu nisichokijua."
Hicho hicho, namwambia. Hicho ndicho chenyewe.
Kula.

Usiku nilitia suruali yake kwenye mashine ya kufulia,
nikasikia mvua ya mawe ndani ya pipa.
Nikafungua, nikaziokota moja moja, maji yakinichuruzika viwikoni,
nikazipanga juu ya taulo.
Mia moja na tatu.